Vita Virefu vya Kete Nyeusi na Nyeupe

Wanangu, leteni madaftari ya hesabu, yale yenye vijisanduku, na penseli zilizochongwa vizuri. Hadithi ya leo haisikilizwi kwa masikio tu, inachorwa.

Pigeni mistari 19 ya kulala na mistari 19 ya kusimama. Mkihesabu mahali mistari inapokatana mtapata 361. Huo ndio ubao wa Go, mchezo uliozaliwa China zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ukavuka hadi Korea na Japani, na huko mpaka leo wapo watu wanaoishi kwa kuucheza. Wachezaji ni wawili. Mmoja tumwite Nyeusi, mwingine Nyeupe, kwa rangi za kete zao. Nyeusi anaanza, kisha wanapokezana, kete moja moja, na kila kete inawekwa penye makutano ya mistari, si ndani ya kijisanduku. Mliozoea kuwatazama wazee wakicheza bao mtaona tofauti papo hapo: kwenye bao kete zinatembea shimo hadi shimo, hapa kete ikishatua haihami tena mpaka ikamatwe au mchezo uishe. Anayezungushia eneo kubwa zaidi ndiye mshindi.

Kukamatwa ndiko kunakotuhusu leo. Kete iliyo peke yake katikati ya ubao ina nafasi nne wazi zinazoigusa: juu, chini, kushoto na kulia. Hizo tuziite pumzi. Kete mbili za rangi moja zikigusana kwenye mstari zinakuwa kundi moja na zinavuta pumzi pamoja. Adui akiziba pumzi ya mwisho, kundi zima linaondolewa ubaoni, hata kama lina kete 40. Sheria yenyewe inaishia hapo, na mtoto wa darasa la kwanza anaielewa. Lakini humo ndimo vinamozaliwa vita vya kufukuzana vinavyoweza kuanza kona moja ya ubao na kuishia kona ya pili, na vita hivyo vimewasumbua watunzi wa programu za kompyuta kwa zaidi ya miaka 50.

Sasa tuchore. Tuandike mahali kwa namba mbili: ya kwanza hesabu kutoka kushoto, ya pili kutoka chini. Wekeni kete nyeusi kwenye 4-4. Kete nyeupe ziwekeni kwenye 3-4, 4-3 na 5-3. Ni zamu ya Nyeupe, naye anaweka kete kwenye 4-5. Tazameni kete nyeusi: imebakiwa na pumzi moja tu, upande wa kulia. Ikikaa kimya inakufa. Kwa hiyo Nyeusi anaweka kete kwenye 5-4, kundi linakuwa na kete mbili na pumzi mbili, 6-4 na 5-5. Nyeupe anaziba 6-4. Pumzi moja tena! Nyeusi anakimbilia 5-5, anapata pumzi mbili. Nyeupe anaziba 5-6. Nyeusi 6-5, Nyeupe 7-5. Nyeusi 6-6, Nyeupe 6-7. Endeleeni hivyo hivyo, msichoke.

Mnaona umbo linalojitokeza? Ni ngazi, inapanda kwenda kona ya juu kulia. Kila Nyeusi akipiga hatua anapata pumzi mbili, na kila Nyeupe akijibu inabaki moja. Mkifika pembezoni ngazi inagonga ukuta: Nyeusi anaweka kete kwenye 19-18, haoni pengine pa kwenda isipokuwa kona yenyewe, Nyeupe anaiziba, na kete 30 nyeusi zinazolewa kwa mkupuo. Tangu Nyeupe alipoanza kufukuza zimepita hatua 59.

Futeni sasa ngazi yote, mrudi mwanzo, lakini safari hii wekeni kete nyeusi moja zaidi kwenye 16-16. Iko mbali kabisa, haigusani na chochote. Anzeni kufukuza tena. Nyeusi akifika 16-15 anaungana na ile kete iliyokuwa ikimngojea, na ghafla kundi lina pumzi tatu. Nyeupe akiziba moja, zinabaki mbili. Mbio zimekwisha, na anayepata taabu sasa ni Nyeupe, maana kete zake za kufukuzia zimetawanyika pande zote mbili za ngazi, dhaifu, zinakatika kila mahali. Kete moja iliyo upande wa pili wa ubao ndiyo iliyoamua nani anaishi.

Ndiyo maana anayejifunza Go anafundishwa ngazi mapema sana, na anaonywa asimfukuze adui kwenye ngazi iliyovunjika namna hiyo. Ila mabingwa ni mabingwa. Mwaka 2003 Lee Sedol wa Korea Kusini, akicheza na Hong Chang-sik, alifukuza kwenye ngazi iliyovunjika kwa makusudi. Wanaoujua mchezo waliona kosa la mwanafunzi. Lakini kete alizoziangusha njiani zilikwenda kunasa kundi kubwa la Hong upande wa chini kulia, na Hong akasalimu amri. Shikeni jina hilo la Lee Sedol, tutakutana naye tena.

Turudi kwenye kompyuta. Hatua 59 ni nyingi kwa kichwa cha mtu, lakini kwa mashine ngazi ni njia ndefu na nyembamba. Kila hatua kuna jibu moja tu la maana, hakuna njia panda. Kwa hiyo watunzi wa programu za zamani waliandika kipande kidogo cha maagizo kwa ajili ya ngazi peke yake: fuata, ziba, fuata, ziba, mpaka mwisho, kisha niambie nani amekufa. Mashine hailalamiki wala haipotezi hesabu. Katika jambo hilo programu dhaifu kabisa ilikuwa sahihi kuliko mtu mwenye usingizi.

Tatizo ni vita vipana. Mahali ambapo hakuna ngazi, mchezaji wa Go anaweza kuwa na hatua 250 hivi za kuchagua. Kwenye sataranji ni kama 35. Zidisheni wenyewe: hatua mbili mbele ni 62,500, tatu ni zaidi ya milioni 15, nne zinakaribia bilioni 4, na vita vya kawaida vya Go vinahitaji kusomwa hatua 20 au 30 mbele. Mwaka 1968 Albert Zobrist, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani, aliandika programu iliyoweza kucheza Go mpaka mwisho, ikawashinda watu waliokuwa wanaanza tu. Mwaka 1997 mashine iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia wa sataranji, Garry Kasparov. Kwa Go, tajiri mmoja wa Taiwan, Ing Chang-ki, alikuwa ameahidi fedha nyingi kwa programu itakayomshinda mchezaji wa kulipwa. Ahadi hiyo ilikoma mwaka 2000 na hakuna aliyekuja kuzichukua.

Programu za wakati huo ziliwekewa kikomo: soma mpaka hapa, usiende zaidi. Ilibidi, la sivyo zingefikiri mpaka kesho kutwa. Kikomo hicho kilizaa ugonjwa wa ajabu. Tuseme kundi la programu linakufa baada ya hatua 10, nayo inaona hatua 8 tu. Inadhani mambo ni shwari. Ikianza kuuona msiba unakuja, inatupa kete mahali pengine, mahali ambapo adui lazima ajibu. Hatua mbili zimepita, na msiba umesukumwa tena nje ya upeo wa macho yake. Inafurahi, inadhani imejiokoa! Inarudia, na kila mara inazidi kujiharibia. Hans Berliner, aliyekuwa bingwa wa sataranji na mtafiti wa kompyuta, alilipa tatizo hilo jina la upeo, kwa sababu kilichoko nyuma ya upeo programu inakichukulia kana kwamba hakipo.

Mwaka 2006 mambo yaligeuka. Rémi Coulom, Mfaransa, alitengeneza programu aliyoiita Crazy Stone, na wenzake wengine huko huko Ufaransa wakaja na MoGo. Wazo lao lilikuwa la kushangaza. Badala ya kuifundisha kompyuta nini kizuri na nini kibaya, waliiambia: ukitaka kujua kama hatua hii inafaa, iweke, kisha cheza mchezo wote uliobaki kwa kubahatisha, kete popote, mpaka mwisho. Andika nani ameshinda. Rudia maelfu ya mara. Hatua inayoongoza kwenye ushindi mwingi ichunguze zaidi, inayoshindwa iache. Inasikika kama upuuzi, sivyo? Lakini ilifanya kazi. Agosti 2008 MoGo, ikitumia kompyuta kubwa iliyokuwa Amsterdam yenye vichakataji 800, ilimshinda Kim Myungwan, mchezaji wa kulipwa kutoka Korea, baada ya kutangulizwa kete tisa.

Tisa ni nyingi, na nitawaonyesha kwa nini bado ilihitaji msaada huo. Fikirini makundi mawili yamebanana, jeusi na jeupe, kila moja limefungiwa na haliwezi kutoka. Jeusi lina pumzi tano, jeupe lina pumzi tano. Moja lazima life ili jingine liishi. Nani atakufa? Msikimbilie kuchora, hesabuni tu: pumzi zikiwa sawa na hakuna hila iliyojificha, anayeanza kuziba ndiye anayeua. Akianza Nyeupe, jeusi ni maiti. Swali limekwisha, halihitaji hata dakika.

Programu ya kubahatisha haihesabu hivyo. Inatupa kete huku na huku, mara inaziba pumzi hapa, mara inacheza kona ya mbali ambako hakuna kinachowaka. Katika michezo 1,000 ya kubahatisha, jeusi linapona karibu nusu. Basi inaandika: kundi hili lina nafasi ya asilimia 50. Wakati ukweli ni sifuri! Tena, hata ikianza kusoma kwa makini, inakutana na kizingiti kingine. Pumzi tano zinaweza kuzibwa kwa mpangilio wowote, na mipangilio hiyo ni 120. Za upande wa pili nazo 120. Ukizipokezanisha unapata njia 14,400, zote zinafika mahali pamoja. Mtu anaziona kama jambo moja kwa sababu anahesabu mpaka tano tu. Mashine inazipita moja baada ya nyingine, na wakati unaisha kabla haijapata jibu. Wachezaji waliokutana na programu hizo waligundua haraka: ukitaka kuishinda, anzisha mbio za pumzi, ziwe ndefu, na ikiwezekana anzisha mbili kwa wakati mmoja.

Kisha ikaja AlphaGo, kazi ya kampuni ya DeepMind ya London. Hii ilikuwa na mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kwa kuona mifano mingi mno. Mtandao mmoja ulitazama ubao na kupendekeza hatua chache zinazostahili kuangaliwa, kwa hiyo ule upana wa hatua 250 ukapungua ghafla. Wa pili ulitazama ubao na kukisia nani yuko mbele. Kilichobaki ni kusoma mbele pale tu palipopendekezwa. Na hapa pana jambo ninalolipenda sana: pamoja na akili yote hiyo, watunzi waliiambia AlphaGo waziwazi, kwa kila makutano ya mistari, kama hatua ya hapo inakamata kwa ngazi au inaponya kutoka kwenye ngazi. Hawakuiachia ibahatishe. Kile kipande kidogo cha maagizo cha zamani kilikuwa bado kazini.

Machi 2016, Seoul. Lee Sedol alikuwa na miaka 33. Alizaliwa kwenye kisiwa kidogo cha Korea Kusini, akafundishwa Go na baba yake, akawa mchezaji wa kulipwa akiwa na miaka 12. Kabla ya mashindano alitabiri kwamba atashinda michezo yote mitano, au ateleze mmoja tu. Akapoteza wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mamilioni ya watu walikuwa wakitazama.

Mchezo wa nne ulichezwa tarehe 13. Lee alikuwa na nyeupe, na AlphaGo ilikuwa imejenga eneo kubwa jeusi katikati ya ubao. Ikafika hatua ya 78. Lee alifikiri kwa muda mrefu, kisha akapachika kete katikati ya kete mbili nyeusi, mahali pafinyu ambapo macho ya kawaida yanaparuka. Hatua moja, na mapigano yakafumuka pande kadhaa kwa mpigo: ukiziba huku, kule kunakatika.

AlphaGo haikuwa imeiona. Watunzi walipochungulia ndani walikuta mtandao wake wa kupendekeza uliipa hatua hiyo nafasi ndogo kupita kiasi, chini ya moja kwa 10,000. Na mahali ambapo jicho halikupendekeza, usomaji haukwenda. Demis Hassabis, mkuu wa DeepMind, alieleza siku hiyo hiyo kwamba kwenye hatua ya 79 programu ilijihesabia nafasi ya ushindi ya asilimia 70, na ikatambua hatari kwenye hatua ya 87 tu. Ndipo ikaanza kutupa kete za ajabu, zile za kumlazimisha adui ajibu, zinazofaa tu kama adui atasahau kujibu. Mnaukumbuka ugonjwa wa upeo? Ulikuwa umerudi, katika mashine yenye nguvu kuliko zote. Lee hakusahau. Kwenye hatua ya 180 AlphaGo ilisalimu amri.

Wachambuzi walirudi baadaye na kuonyesha kwamba hatua ya 78 ilikuwa na jibu, kwamba Nyeusi angeweza kuponyoka. Mimi naona jambo hilo halimpunguzii Lee hata chembe. Alimpeleka adui mahali ambapo jibu lipo lakini adui hajui kulitafuta, na alifanya hivyo akiwa ameshindwa mara tatu mfululizo mbele ya dunia nzima. Mashindano yaliisha 4 kwa 1.

Mwaka uliofuata DeepMind walitoa AlphaGo Zero, na hii hawakuifundisha kitu zaidi ya sheria. Hakuna michezo ya mabingwa, hakuna taarifa ya ngazi. Ilicheza yenyewe kwa yenyewe, michezo milioni 4.9 kwa siku tatu, kisha ikapambana na ile iliyomshinda Lee na kuilaza mara 100 kwa 0. Lakini watunzi wake waliandika jambo ambalo kila mtoto mchezaji analipenda akilisikia: ngazi, somo ambalo binadamu hulipata mwanzoni kabisa, Zero ililielewa kwa kuchelewa sana. Ilishajua mbinu nyingi za mabingwa wakati bado inababaika na ngazi.

Kwa nini? Angalieni tena daftari. Mtandao wa namna hii unautazama ubao kwa kidirisha cha makutano tisa, tatu kwa tatu. Tabaka la kwanza linajua habari za jirani. Tabaka la pili linajua za jirani wa jirani. Habari ya kete ya 16-16 lazima ipokezwe tabaka hadi tabaka, nafasi moja moja, mpaka ifike 4-4 ambako vita vinaanza. Na mabadiliko ni madogo: kete moja ipo au haipo, lakini jibu linageuka kutoka uhai kwenda kifo. Anayejifunza kwa kufananisha picha anaona picha mbili zinazolingana karibu kila mahali, halafu anaambiwa majibu yake ni kinyume. Watafiti wa Facebook walijenga programu ya aina hiyo hiyo, ELF OpenGo, na mwaka 2019 walieleza kwamba hata baada ya mafunzo marefu haikuimudu ngazi kikamilifu.

David Wu, Mmarekani aliyetunga KataGo, aliamua kutosubiri. KataGo, ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bure na ambayo wachezaji wengi duniani wanaitumia kujifunzia, inapewa taarifa za ngazi tangu mwanzo: kete zipi zinakamatika kwa ngazi, na makundi yapi yamebakiwa na pumzi moja, mbili au tatu. Ni uamuzi uleule wa zamani, na naona ni uamuzi wa mtu mwerevu. Kitu kinachoweza kuhesabiwa kwa uhakika kina haja gani ya kukisiwa?

KataGo ikawa na nguvu kupita binadamu yeyote. Hapo ndipo wengi walidhani hadithi imekwisha.

Mwaka 2022 kikundi cha watafiti, wakiwamo Tony Wang na Adam Gleave, kiliifunza programu nyingine kwa lengo moja tu: si kucheza Go vizuri, bali kutafuta tundu ndani ya KataGo. Programu hiyo ilicheza nayo mara nyingi mno mpaka ikalipata tundu. Choreni nami kwa mara ya mwisho. Wekeni kundi dogo jeusi lililo hai. Kete nyeupe zilizunguke lote, zikutane mwisho na mwanzo, ziwe pete. Sasa Nyeusi anaanza kuizunguka ile pete kwa nje, polepole, huku akichokoza kona nyingine za ubao ili macho yawe huko. Pete nyeupe imebanwa ndani na nje. Inapungukiwa pumzi, moja baada ya nyingine. Mchezaji wa mtaani angeshituka mapema na kukimbilia kuiokoa. KataGo, yenye nyeupe, haishituki. Inaamini pete hiyo haiwezi kufa, inajihesabia ushindi wa zaidi ya asilimia 99, mpaka kamba iko shingoni.

Jambo la kufurahisha zaidi lilitokea baada ya hapo. Kellin Pelrine, Mmarekani, mchezaji mzuri wa ridhaa lakini asiye wa kulipwa, aliisoma mbinu hiyo, akaiweka kichwani, akakaa mwenyewe bila kompyuta ya kumsaidia. Februari 2023 ilitangazwa kwamba ameicheza KataGo michezo 15 na kuishinda 14.

Tatizo la pete liko karibu sana na tatizo la ngazi. Kundi la kawaida lina mwanzo na mwisho. Habari za pumzi zinapita kutoka ncha moja hadi nyingine, na mtandao umeshaona mamilioni ya makundi ya namna hiyo. Pete haina ncha. Habari zinazunguka na kurudi zilikotoka, na maelezo yanayoaminiwa zaidi ni kwamba mtandao unazihesabu upya kana kwamba ni pumzi nyingine, hivyo unaiona pete ina uhai mwingi kuliko ilio nao. Pete pia ni nadra katika michezo ya kawaida, kwa hiyo KataGo haikupata nafasi ya kuadhibiwa kwa kosa hilo ilipokuwa inajifunza. Na jicho likishasema hakuna hatari, usomaji hauendi huko. Ndivyo ilivyokuwa kwenye hatua ya 78, na ndivyo ilivyokuwa hapa. Watafiti waliiruhusu isome mamilioni ya nafasi kabla ya kila hatua, ikawa ngumu zaidi kunaswa, lakini ilinaswa.

Watunzi hawakukaa kimya. KataGo ilianza kufunzwa kwa mifano ya pete, ikajifunza kuziogopa. Mwaka 2024 watafiti wakapima kinga za namna tatu: kuifunza kwa mifano ya pete iliyotengenezwa kwa mkono; kuifunza mzunguko baada ya mzunguko, mshambuliaji na mlinzi wakinoana; na kuubadilisha mtandao wenyewe, usitazame tena kwa kidirisha cha tatu kwa tatu bali utazame ubao mzima kwa pamoja. Kila kinga ilisaidia kwa kiasi chake. Kisha wakafunza washambuliaji wapya, na zote tatu zikapigwa. Mashambulizi mengi yalikuwa bado ni ya pete, sehemu ya ndani tu ndiyo iliyobadilishwa umbo kidogo.